Mushaamua watoto wasomee nyumbani, sasa mtawaambia vipi?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi na baba watoto tumekata shauri, kuanzia Januari watoto wetu watatu wasomee nyumbani. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 12, yuko gredi 6. Wa kati msichana wa miaka 9, gredi 4. Mdogo wa kiume ana 5, yuko PP2, yaani mwaka wa mwisho wa chekechea. Sababu ni mbili. Huyu wa kati kusoma kwake kwa shida, yuachekwa darasani na kila asubuhi tumbo lamuuma. Ya pili ni karo, kazi ya kliaringi ya mume wangu, ya kutoa mizigo bandarini, si ya zamani tena. Mimi nilisomea ualimu kwa hivyo ntakaa nao. Shida ni kuwa mkubwa apenda shule yake sana na yuko timu ya mpira. Hatujawaambia. Mume wangu asema tuwaite tuwaulize waonaje, mimi naona tuwaambie tu yaishe. Mavyaa wangu pia hajui, na akijua ni vita. Tuanzie wapi? Mama watatu, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, na pole kwa hayo ya tumbo la asubuhi, manake kumvalisha mtoto yunifomu huku analia si jambo dogo kwa mzazi.

Nianze na huo ubishi wenu wa kuuliza ama kuambia, sababu hapo ndipo penye kazi. Mumeo asema muwaulize. Sawa, mkubwa akisema hapana sitaki, mtaacha? Kama hamtaacha basi msimuulize. Mtoto wa miaka 12 si mjinga, ataulizwa, atasema yake yote aliyonayo moyoni, halafu wiki mbili baadaye aone mambo yaenda vilevile kama kwamba hakufungua mdomo, na hapo ameshajua kuwa kwa baba na mama kuulizwa ni maigizo tu. Siku mtakayotaka kwa kweli kujua limsumbualo, ana miaka 15 na sauti ishakuwa nzito, atawaambia "niko sawa" na kujifungia chumbani. Kwa hivyo hapo niko na wewe. Lakini na wewe hiyo ya kuwaambia tu yaishe, haiishi dadangu, ndio kwanza inaanza, sababu mtoto aliyeletewa jambo limefungwa pande zote hana pa kushika isipokuwa kugoma, na mtoto kugoma kusoma nyumbani na mwalimu ni mamake, hiyo usiombe.

Fanyeni hivi. Usiku mmoja watoto washalala, kaeni wawili na karatasi, mkate mstari katikati. Upande mmoja andikeni yaliyokwisha, yaani hayana mjadala: Januari hamrudi shule ile, mama ndiye atasomesha, madrasa yaendelea kama kawaida. Upande wa pili andikeni yale ambayo mtoto akiamua mtafuata, hata kama nyinyi hamkuyapenda. Masomo yaanze saa mbili ama saa tatu. Nani akae meza ya dirishani. Hesabu ije kwanza ama ije mwisho. Siku ya kutoka iwe ipi na tuende wapi, maktaba ya taifa, Fort Jesus, Haller Park, ama pwani ya umma pale Pirates asubuhi hakuna watu. Abaki timu gani ya mpira. Marafiki waagwe kwa njia gani. Msiweke hapo kitu cha kupamba karatasi, mtoto akichagua saa tatu iwe saa tatu kweli, hata kama wewe ni mtu wa alfajiri. Na kama upande huo wa pili umebaki mtupu, hamjawa tayari kuongea na watoto, rudini mkae tena.

Kabla hamjafungua mdomo lakini kuna maswali mkubwa atayauliza pale pale, na mkijibu "tutaona" mshampoteza. La kwanza ni mtihani. Yuko gredi 6, KPSEA, mtihani wa taifa wa kumaliza praimari, iko mlangoni, na yeye na wenzake washaanza kuongea habari za gredi 7. Kumbuka junia (gredi 7 hadi 9) nyingi ziko ndani ya shule zile zile za praimari, kwa hivyo kichwani mwake yeye hahami, aendelea na watu wale wale na uwanja ule ule. Sasa nyinyi mwataka kumtoa hapo, lazima mujue mwampeleka wapi. Kama mtabaki na mtaala wa hapa wa CBC, fahamuni kuwa kuingia sinia skuli (gredi 10 hadi 12) huangaliwa vitu vitatu: KPSEA asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA ya gredi 9 asilimia 60. Hiyo ya katikati hutoka shuleni. Mtoto aliyekaa nyumbani gredi 7 na 8 bila shule yoyote kumsajili, ile asilimia 20 yake itatoka wapi? Hilo mlitatue sasa na shule mtakayokubaliana nayo, si mpaka afike gredi 9. Njia nyingine ni mtaala wa Cambridge, ambao mtoto aweza kufanya IGCSE, mtihani wake wa sekondari, kama mtahiniwa binafsi kupitia kituo kilichosajiliwa, lakini ada ya mitihani hulipwa kwa kila somo na si pesa kidogo, na nyinyi moja ya sababu zenu ni pesa, kwa hivyo pigeni hesabu mapema. Kuna na mtaala wa ACE ambao familia nyingi za homuskuli, yaani za kusomesha nyumbani, Kenya huutumia, ila huo umejengwa juu ya mafundisho ya Kikristo toka kitabu cha kwanza, kwa nyumba yenu sidhani.

La pili ni sheria, na hapa nitasema waziwazi sababu wazazi wengi huambiana kwenye magrupu kuwa "hamna shida". Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amsajili mtoto na ahakikishe anahudhuria shule, na asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini ama kufungwa. Wazazi wa homuskuli washafikishwa kortini nchi hii. Mimi si wakili. Nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ongeeni na wakili pia, na mujue mmesimama wapi kabla hamjawaambia watoto chochote, sababu watoto wakishajua mtaa mzima wajua, na mzee wa mtaa ni mmoja wa hao wa mtaa.

Sasa tuje kwa binti, na hapa naomba unisikilize sana.

Usimfanye yeye kuwa sababu. Najua ndiye sababu, ama nusu ya sababu, lakini mkikaa kitako mbele ya ndugu zake mkasema "kwa vile dadenu anapata shida shuleni", mushamtwika mzigo ambao hataweza kuutua. Mwezi wa pili, siku ya mvua, mkubwa amechoka na wenzake wako kwenye mechi, atamgeukia amwambie "ni wewe ulotutoa shule". Na yeye atakubali, hilo ndilo baya zaidi, sababu watoto wa umri huo ni wepesi kuamini kuwa ubaya wote nyumbani watoka kwao. Wengine huamini kuwa wamefukuzwa, kwamba ticha alimwita mama akamwambia huyu hafai, na mama anamficha tu.

Kwa hivyo yeye umuone peke yake kwanza, saa chache kabla ya kikao cha wote, mkiwa jikoni mwafanya kitu kwa mikono, mwachambua mchele ama mwakata viazi, watoto huongea vizuri wakiwa hawatazamwi usoni. Mwambie hajafukuzwa. Mwambie alilofanyiwa la kuchekwa si haki na wewe umeliona, usilipunguze kwa kusema "ah watoto wote huchekwa". Halafu muulize, na hili ni swali la kweli sababu jibu lake mtalifuata: "Wataka nikiongea na kakako nitaje habari ya kusoma kwako, ama nisitaje?" Akisema usitaje, usitaje. Usije ukashangaa akifurahi mpaka akalia, na usije ukashangaa akisema hataki kutoka, sababu hata pale anapochekwa ana kale karafiki kamoja ka dawati.

Tena dadangu, kutoka shule hakutamfundisha kusoma. Mtoto wa miaka 9 anayehangaika na herufi bado anahitaji kuangaliwa macho, masikio, na kama ni disleksia, yaani ule ugumu wa kutambua herufi na maneno. Kuna vituo vya tathmini vya serikali viitwavyo EARC, ulizia ofisi ya elimu kilicho karibu nanyi. Na tumbo lipelekwe kwa daktari hata kama mwajua ni woga. Tumbo linalouma Jumatatu na Jumamosi halipo mara nyingi ni shule, lakini mara nyingi si kila mara.

Basi kikaoni mseme nini? Sababu ya nyumba nzima. Kitu kama: "Baba na mama tumeamua kuanzia Januari mtasomea nyumbani, mimi ntawasomesha. Karo ya watatu na basi la shule imekuwa kubwa kuliko kazi ya baba inavyoleta sasa hivi, na pia tumeona tukisoma nyumbani kila mmoja aweza kwenda kwa mwendo wake. Hilo tumeshaamua. Lakini kuna mambo mengi hatujaamua na hayo twataka tuamue na nyinyi." Halafu mnyamaze. Wazazi wetu wengi hapa huogopa ukimya, wanaujaza na maneno, mara laptopu mpya, mara tutaenda Malindi, mpaka mtoto aanza kujiuliza mbona nahongwa.

Habari ya pesa msiifiche. Watoto wa Mombasa wamekua wakisikia habari za bandari barazani. Ile amri ya 2019 ya mizigo kupandishwa reli ya SGR ikatolewe Nairobi ilifunga ofisi ngapi za kliaringi, na hata baada ya kazi kurudishwa Mombasa 2022 si zote zilofunguka tena. Wako ndani ya nyumba hiyo, wameona babao arudi mapema, wamesikia simu za usiku. Mkisema sababu ni "elimu bora tu" na wao wajua karo ya tem iliyopita ililipwa kwa vipande, hawatawaamini na hilo jingine. Ila msiwape hesabu za madeni, hiyo si ya watoto. Wape kinachobaki: nyumba yabaki, chakula chabaki, madrasa yabaki, baba yuko.

Na msiitukane shule. Hata kidogo. Mkubwa aipenda, na ukiitukana mbele yake amekuwa wakili wake. Hata ticha wa binti, kama mna neno naye, nendeni mkamwambie yeye.

Mkubwa ndiye atakayewapa kazi. Atakasirika, na hasira yake ina haki, sababu anapoteza kitu cha kweli: timu, jezi yenye namba yake, wale wa nyuma ya basi, sifa ya kuwa wakubwa wa praimari. Usimwambie "utapata marafiki wengine". Mwanamume mzima akihamishwa kazi hukaa mwaka anaisema ofisi ya zamani, sembuse mtoto. Mwache aseme, mwache anune siku kadhaa, adabu tu ndio isivunjwe, kununa si kukosa adabu. Halafu rudini kwa ule upande wa pili wa karatasi na hapo mumpe kitu kikubwa, si saa ya kuanza masomo tu. Mpira ndio kitu chenyewe. Timu za mtaani za vijana zipo Kisauni yote hadi Bombolulu, na mumeo, si wewe, ndiye aende naye kutafuta, jioni, kwa miguu, waangalie mazoezi ya timu mbili tatu na kijana achague. Najua wanaume wetu husema hawana wakati, lakini kazi ikiwa imepungua wakati upo. Bonasi ni kuwa foleni ya Nyali Bridge ya asubuhi imekwisha kwake, mtoto anayeamka saa kumi na moja akalale kwenye basi, akianza kulala hadi saa kumi na mbili na nusu, hata kununa kunapungua, ila usimwambie hili siku ya kwanza, atalijua mwenyewe.

Lini? Najua wazo lenu la kwanza ni kungoja KPSEA ipite. Mimi siungi mkono. Mtihani huo uko mwisho kabisa wa tem ya tatu, ukipita shule inafungwa na hana tena nafasi ya kuaga, atakuwa ametolewa bila kujua kuwa ile mechi ilikuwa ya mwisho. Mwambieni wiki kadhaa kabla, si wiki yenyewe ya mtihani. KPSEA hakuna kufeli, na huzuni ya wiki mbili haitamharibia zaidi ya kugundua kuwa nyumba nzima ilijua akafichwa yeye.

Mdogo usiumize kichwa. Mwambie siku hiyo hiyo kwa maneno mawili, kisha rudia kila atakapouliza, na atauliza, sababu kwa miaka 5 Januari ni mbali kama Makka. Swali lake litakuwa yunifomu na basi. Akitaka kuvaa yunifomu nyumbani avae, mpaka imbane.

Kuna swali ambalo watatu wote watakuwa nalo na huenda wasilitamke: mama akiwa ticha, mama ataenda wapi? Mtoto aliyekosea hesabu shuleni hurudi kwa mamake, sasa akikosea kwako atarudi kwa nani? Waambie mapema kuwa saa za masomo zina mwisho, na zikiisha zimeisha, kwenye chakula cha mchana hakuna mtu anayeulizwa jedwali la saba. Na kiboko hakuna. Shuleni kimepigwa marufuku na sheria, kisije kikapata kazi kwako.

Sasa mavyaa. Hapa kuna mtego wa mpangilio. Mkimwambia yeye kwanza, watoto watalisikia kwa binamu zao Jumapili kwenye sinia la biriani, na kusikia kwa binamu ni kudharauliwa. Mkimchelewesha, yeye ndiye aliyedharauliwa, na hilo halitasahaulika mpaka arusi ya mjukuu. Basi watoto wawe Alhamisi usiku, naye Ijumaa baada ya swala mumeo aende mwenyewe, peke yake, si kwa simu na si kwa ile grupu ya familia. Aende kama mwana anayempasha mamake habari, asiende kama anayeomba ruhusa, na asiende na wewe, sababu ukiwepo atakusema wewe badala ya kulisema jambo. Akikasirika amsikilize mpaka amalize. Kisha ampe kazi. Bibi mzima wa Kimvita ana hadithi, ana mashairi, ana upishi, ana historia ya mtaa ambayo haiko kwenye kitabu chochote cha KICD, hao watunga mitaala, aombwe siku moja kwa wiki watoto waende kwake wakae wamsikize, na ile siku iitwe somo. Sisemi atakubali wiki hiyo. Lakini ni vigumu mtu kupigana na jambo ambalo ana kiti ndani yake. Kitu kimoja tu mumeo amuombe kwa heshima: asimwambie mkubwa "masikini mjukuu wangu wamekutoa shule". Amseme baba mtu akitaka, mbele ya mtoto asiseme.

Majirani nao watauliza, mtoto ametumwa dukani saa nne asubuhi, "wewe mbona huko shule leo?" Mpeni kila mtoto sentensi moja fupi ya kweli, mtunge pamoja, na hii iende kwenye upande wa pili wa karatasi pia. "Nasomea nyumbani, mamangu ndiye mwalimu wangu." Basi. Msimfundishe kusema ni mgonjwa ama shule imefungwa, mtoto akifundishwa uongo huo ameshajua kuwa nyumbani kwafanyika jambo la aibu. Na akiuliza mtu mzima wa serikali, mzee wa mtaa ama chifu, jibu la mtoto ni "mwulize baba", sababu hawa tangu kampeni ya kila mtoto aingie sekondari wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta walio nje ya shule, na hiyo ni mazungumzo ya watu wazima wenye makaratasi mkononi.

Watawauliza pia, "tukishindwa twarudi?" Msiahidi kurudi shule ile ile kama karo hamna. Semeni mwezi wa nne mwishoni mwa tem mtakaa tena nyote mkaangalia, nini kimeenda na nini hakijaenda, na kila mtu ataongea. Halafu mkae kweli, tarehe muiandike ukutani.

Mwisho, tokeni shule kwa mlango wa mbele. Andikeni barua kwa mwalimu mkuu, chukueni ripoti zote za watoto, namba zao za usajili na ya KNEC (baraza la mitihani), na vitabu vya shule mvirudishe. Mkubwa mumnunulie boksi la juisi na mahamri agawe kwa timu siku atakayochagua yeye. Na kama kuna salio la karo, kalipeni ama muandikiane makubaliano sasa, manake shule nyingi hazitoi karatasi za mtoto mwenye deni na mkija kuzitaka kwa haraka mwaka wa gredi 9 mtasumbuka.